Rangi Juu ya Ukuta

(Mazungumzo ya asubuhi redioni, yamepigwa chapa hapa kama yalivyosemwa)

Ninyi mliokwisha kuwasha moto, ninyi mliotoka ziwani alfajiri hii na nyavu bado zimelowa, na ninyi wagonjwa mnaosikiliza mkiwa kitandani, hamjambo nyote?

Leo ningependa tuzungumze juu ya kuta. Sisemi kuta za Yeriko, ambazo kila mtoto wa shule ya Jumapili anazijua. Nasema kuta za nyumba zetu, za shule na za zahanati, huku Migori na Homa Bay, na juu ya rangi tunazozipaka. Nimeulizwa zaidi ya mara moja na vikundi vya vijana na vya akina mama kama ni jambo la maana kanisa kujishughulisha na picha za ukutani, maana wengine huona ni mchezo tu, au ni kutafuta fedha za wafadhili. Basi nitajibu, lakini kwanza mniruhusu nianzie jikoni.

Aliyekulia katika nchi hii hahitaji kuelezwa jinsi nyumba ya udongo inavyosiribwa. Wanaume husimamisha miti na kufunga fito, lakini uso wa nyumba hutoka mikononi mwa akina mama. Mama huchimba udongo, akauchanganya na samadi ya ng'ombe na majivu, akaukanda mpaka ulainike, kisha akausambaza ukutani kwa kiganja. Ukikauka hutafuta udongo mwingine, mwekundu, mweupe, au wa kijivu, akapiga mstari kuuzunguka mlango na madirisha. Wengine hupitisha vidole juu ya udongo ungali mbichi, wakaacha mawimbi toka kona hadi kona. Kabla ya Krismasi kazi hii huwa nyingi, kwa sababu watoto na wajukuu watakuja kutoka Nairobi na Mombasa, na hakuna mama anayetaka wajukuu wake waikute nyumba imepasuka nyufa. Na jirani aliye na macho hutambua mkono wa jirani yake ukutani, kama mwalimu anavyotambua mwandiko wa mwanafunzi. Hiyo ni sanaa, ndugu zangu, ingawa wengi wetu tulimaliza shule bila kuambiwa hivyo. Tulidhani sanaa ni kitu kilichomo katika vitabu vya Ulaya.

Sasa tazameni jambo moja. Kazi hii haimaliziki. Mvua ikinyesha upande wa magharibi, ukuta wa upande huo hupukutika, na mama hurudi na udongo wake. Nyumba ya udongo haisimami kwa sababu ilijengwa vizuri siku moja. Husimama kwa sababu kuna mtu aliye hai ndani yake ambaye hurudi kuisiriba.

Ndiyo maana, katika miaka ile mibaya, mtu aliweza kupita kijijini na kujua habari bila kuuliza. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ule ulizipiga sehemu zetu hizi za ziwani kuliko sehemu nyingine zote za nchi. Nyumba zikaonekana ambazo hazikusiribwa mwaka ule wala mwaka uliofuata. Miti ikatokeza kama mbavu. Mkono uliokuwa ukiusiriba ukuta ulikuwa umezikwa uani, na pengine wa mwenye nyumba ulikuwa umetangulia, na nyanya mzee alikuwa amewachukua watoto kwake, ambako tayari walikuwa wamejaa. Tulizika sana, wasikilizaji. Tulizika siku za Ijumaa na za Jumamosi, na mara nyingine mchungaji alitoka kaburi moja akaenda jingine kabla hajaosha udongo miguuni. Wala jina la ugonjwa halikutajwa. Tulisema ni kifua, tulisema ni malaria, tulisema amerogwa, tulisema ni chira.

Mwaka 2001, katika hospitali ya Homa Bay, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kurefusha maisha bila malipo. Mwaka 2006 serikali ikaziondolea malipo katika hospitali za umma nchini. Watu waliobebwa kwa mikokoteni na baiskeli wakaanza kutembea. Hata hivyo msidhani habari hii ni ya zamani. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Homa Bay karibu watu wazima 20 katika kila 100 wana virusi hivyo, wakati hesabu ya Kenya nzima ilikuwa karibu 5 katika 100. Wengi wa hao wanaishi, wanalima, wanavua, wanaimba katika kwaya zetu. Kwa hiyo tunaposema kupona, hatusemi kama mtu aliyevunjika mguu akaunganishwa. Tunasema kama mama wa nyumba ya udongo. Kila siku kidonge, kila mwaka udongo.

Naam, siku hizi kuta zetu zimeanza kuchorwa. Ukipita katika shule utaona ramani ya Kenya, na herufi, na mti na sehemu zake. Kwenye zahanati utaona chandarua, na mama ananyonyesha. Mashua za Mbita, za Sori na za Muhuru zimepakwa rangi kubwa kubwa, na nyingine zimeandikwa aya za Biblia ambazo sina hakika kama mwenye mashua huzifuata anapopima samaki. Na vikundi vinataka kuchora zaidi: kuchora maisha ya mashambani, mambo ya wazee, na jinsi jamii ilivyoinuka tena. Nasema, vizuri sana. Chora, mwanangu. Lakini kabla hujachovya brashi, ufungue Biblia yako katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 13.

Hapo nabii anasimulia habari ya watu waliojenga ukuta mwembamba, dhaifu. Wakaja manabii wa siku zile, na badala ya kusema kwamba ukuta haufai, wakaupaka chokaa ukapendeza. Waliwaambia watu kwamba kuna amani, na amani haikuwako. Kisha ikaja mvua, ikaja mawe ya barafu, ikaja tufani, na ukuta ukaanguka, na chokaa chake kikaenda pamoja nao. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa Kiebrania kidogo, nami nimesahau kingi, lakini neno hili sikulisahau. Neno analolitumia Ezekieli kwa upakaji ule hutumika pia katika kitabu cha Ayubu kwa chakula kisichokolea, chakula kisicho na chumvi. Ni kitu kinachojaza mahali lakini hakina nguvu ndani yake.

Wachoraji hapa watanielewa upesi, kwa maana jambo hili linaonekana kwa macho. Paka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa udongo ulio na unyevu. Siku ile utaona unang'aa. Lakini unyevu ukitafuta njia ya kutoka, rangi hubanduka kama magamba ya ngege. Udongo hupokea udongo mwenziwe.

Basi swali langu kwa kila kikundi ni hili: picha yenu ni chokaa cha Ezekieli, au ni udongo wa mama? Wengi wakiulizwa wachore urithi wetu, huchora nyatiti, mtungi, ng'ombe, samaki, na mzee mwenye ngao. Ni vitu vyema, navipenda. Lakini ukiacha hapo, umefanya picha ya kuuzia watalii. Mjane anayepita akienda kuchukua dawa zake hataona kitu chake pale. Ataona kijiji ambacho hakuna aliyepata kuugua, na atajiuliza yeye alikuwa anaishi wapi.

Tunao walimu karibu. Nendeni Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zile za mawe zilianza kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Zina urefu wa kwenda juu kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na unene wa mita moja hivi, wala hakuna udongo wala chokaa kati ya jiwe na jiwe. Ukitazama vizuri utaona ukuta wa nje wa mawe makubwa yaliyopangwa, na ukuta wa ndani hali kadhalika, na katikati yao mawe madogo yamejazwa, nayo ndiyo yanayoushika ukuta wote. Mpita njia hayaoni. Lakini yatoe hayo madogo, uone kama yale makubwa yatabaki pale.

Tena kuta zile si kazi ya kabila moja. Walikaa humo watu wa asili ya Kibantu, wakaja Waluo, wakahama hawa wakaingia wale, na kila aliyeingia alitengeneza palipobomoka. Hata jina lenyewe, Thimlich, linasema habari za msitu mnene wa kutisha. Watu waliogopa, wakajenga. Hawakuficha kwamba waliogopa. Waliiweka hofu yao katika jina, na sisi tunalitamka mpaka leo.

Mwalimu wa pili yuko ng'ambo ya maji. Panda mashua Mbita uende kisiwa cha Mfangano. Kule Mawanga na Kwitone kuna michoro juu ya mwamba, nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara, na mingine kama jua lenye miali. Wataalamu husema ni kazi ya Batwa, wawindaji waliokaa huku zamani kabla ya Wasuba na kabla ya Waluo. Wasuba walipofika walikuta picha ambazo si zao, za watu ambao lugha yao hawakuijua. Wangeweza kuzikwangua. Hawakuzikwangua. Waliziheshimu, wakazihusisha na mvua, na mtoto hakuruhusiwa kwenda kuchezea pale. Kwa heshima hiyo zimehifadhiwa. Mtaniuliza, mchungaji, unasifu mambo ya kuomba mvua kwa mwamba? La. Mvua tunaiomba kwa Mungu aliyeumba mwamba na wingu. Lakini nasifu watu waliojua kutunza kazi ya mkono wa mgeni. Kule Kakapel, katika nchi ya Wateso, wageni walioelimika, wenye kujua kusoma na kuandika, waliandika majina yao juu ya michoro kama ile. Sasa ni nani mstaarabu?

Wasuba wenyewe leo wengi wao husema Kijaluo, na lugha yao imebaki kwa wachache. Mwaka 2000 walifungua jumba lao la makumbusho ya amani pale Mfangano. Mchoro mwekundu wa mtu asiyejulikana umewapa mahali pa kukusanyika na kuzungumza habari zao wenyewe.

Na mwalimu wa tatu ni wa kanisa letu, ingawa yuko mbali nasi, katika Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati wa ukoloni. Kutokana na vita vya Mau Mau, Waanglikana walijenga pale kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa. Mwaka 1959 Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesoma Makerere, alichora kuta zake picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Bwana, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, na msalaba. Akamweka Bwana Yesu kati ya watu weusi, katika nchi ya milima yao na mashamba yao. Katika siku zile wengi walikuwa hawajapata kumwona Yesu ila mwenye nywele za dhahabu. Mtu aliyetoka katika miaka ile ya damu aliingia kanisani akamkuta Bwana anateseka katika bonde analolijua yeye. Nadhani hakuna hotuba ingeweza kufanya hivyo.

Hata hivyo lazima niseme na upande wa pili, maana mimi si mtu wa kusifu nyumba ya kwetu bila kuangalia paa. Kanisa lile liliwakumbuka wafu wa upande mmoja. Waliokufa msituni, waliokufa katika kambi za kizuizini, mama zao pia walilia, nao hawakuwekewa ukuta. Walingoja mpaka Septemba 2015 ndipo ukumbusho wa waliotendewa ukatili wakati ule ukazinduliwa katika Uhuru Park, Nairobi, kwa fedha za serikali ya Uingereza. Miaka zaidi ya 50. Kwa hiyo hata picha njema, ya kweli, yenye machozi, yaweza kuwaacha watu nje ya mlango.

Haya, turudi kwetu. Katibu wa kikundi ataniambia, mchungaji umesema mengi, sasa sisi tufanye nini Jumamosi?

Kwanza waite nyanya. Kabla ya mchoraji wa mjini, waite wale wazee wa kike wanaojua mweupe unachimbwa wapi na mwekundu unachanganywaje. Wachache wamebaki, maana nyumba za mabati na za matofali zimekuwa nyingi, nami siwezi kumlaumu mtu aliyechoka kusiriba. Ukuta wa shule ni wa saruji, sawa, tumieni rangi ya dukani. Lakini mistari iwe yao, na vijana wajifunze mkono ule ungali na joto.

Pili, waulizeni waliougua, wasipangiwe na wazima. Na hapa muwe waangalifu. Msimchore mtu uso wake halafu kijiji kizima kiseme, yule ni fulani, basi kumbe naye anayo. Hilo litakuwa kumuumiza mara ya pili, na kwa rangi isiyofutika. Kama mwenyewe anataka uso wake uonekane, aseme mwenyewe, bila kushawishiwa na bila kupewa sukari kilo mbili. Vinginevyo choreni mikono. Choreni kopo la dawa juu ya meza karibu na kikombe cha chai. Choreni baiskeli ya mhudumu wa afya, na nyanya mwenye wajukuu saba kuzunguka sufuria moja. Choreni na nyumba ile yenye mbavu nje, msiifiche. Na karibu yake mchoreni msichana amebeba udongo.

Na jina la mfadhili, tafadhali, lisiwe kubwa kuliko samaki.

Tena kuna swali la nani atautunza ukuta. Nimeona picha nzuri iliyozinduliwa kwa soda na hotuba, na baada ya mvua za miaka miwili haitambulikani. Andikeni katika daftari la kikundi ni nani atakayerudi kila Desemba na ndoo. Wapokezaneni, kanisa hili mwaka huu, shule mwaka ujao, na wavuvi mwaka unaofuata. Wavuvi wana rangi daima.

Kuna jambo katika habari ya Yoshua ambalo hupitwa haraka katika mahubiri. Waisraeli walipovuka Yordani waliambiwa wachukue mawe 12, kila kabila moja, wayasimamishe mahali pa kulala, ili watoto watakapouliza siku moja, mawe haya maana yake nini, wazazi wawe na la kujibu. Lakini mawe yale hayakuokotwa ukingoni, mahali pakavu. Yalitolewa katikati ya mto, pale pale miguu ya makuhani iliposimama, mahali ambapo maji yangeweza kuwazamisha wote. Mtu mmoja mmoja aliinama, akaweka jiwe begani, akatoka nalo. Nafikiri yalikuwa bado na matope.

Watoto wetu watauliza. Waliozaliwa baada ya dawa kuja ni vijana sasa, na wengi hawajui kwa nini baba yao alilelewa na nyanya, wala kwa nini kuna makaburi matano ya mwaka mmoja katika boma lile la jirani. Sisi tuliozika, tumezoea kunyamaza.

Jioni ya leo, chakula kikiisha, msomeni Yoshua sura ya 4, kisha Ezekieli sura ya 13 kuanzia mstari wa 10. Kama kuna mzee nyumbani, mwulizeni ni nani aliyekuwa akisiriba ile nyumba iliyobomolewa, na alichora nini karibu na mlango. Kwaherini, mpaka wiki ijayo wakati kama huu.